Hisa za Ihumwa na Ukimya Wangu

Vijana wangu wa masjala, siku ya kuniaga mlinipa mkeka mzuri wa kusalia, mkaniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi kabla ya hizi mashine zilizo juu ya meza zenu. Nimekaa nyumbani miezi mitatu nikitafuta pa kuanzia. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mkono bado unashika kalamu na macho bado yanaona mstari. Nani alipanda cheo lini, na nani alilipwa nini, sitaandika; hayo yamo kwenye majalada, na majalada mnayo ninyi. Nitaandika zaidi habari za hofu, kwa sababu siku nilipoajiriwa hakuna aliyeniambia kwamba karani wa masjala ya siri huishi na hofu kama mpishi anavyoishi na moshi.

Nilipokelewa na Mzee Elia Ndahani, Mgogo wa upande wa Mvumi, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata Oktoba, wakati Dodoma imekauka mpaka midomo inapasuka. Aliitazama kofia yangu.

"Wewe mtoto wa chuo cha Kurani?"

"Ndiyo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vizuri, basi umeshazoea fimbo. Hapa fimbo huioni, lakini ipo."

Kuanzia siku hiyo wakaniita Maalim, ingawa sikuwahi kufundisha mtu. Babu zangu walikuja Dodoma na misafara, wakauza nguo na chumvi, wakajenga, wakazika. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo kushika kalamu ya serikali. Kabla ya shule nilisoma kwa maalim wetu mmoja pale mjini, naye alitutia jambo moja kichwani kuliko yote: ulimi. Usiseme uongo hata kwa mzaha. Na ukisikia uongo juu ya mtu, usikae nao. Ukanushe hapo hapo, maana ukinyamaza umeushiriki. Nilishika mafundisho hayo kwa moyo wangu wote. Mtaona yalinifikisha wapi.

Mzee Ndahani alinifundisha kazi kwa mikono. Alinionyesha kuyeyusha lakiri kwa moto wa mshumaa, ile nta nyekundu ya kufungia bahasha, kuidondosha bila kuunguza karatasi na kupiga mhuri kabla haijapoa. Niliungua vidole wiki nzima. Alinifundisha bahasha mbili: ya ndani ina neno SIRI na lakiri, ya nje ina anuani tu, ili tarishi asijue amebeba nini na mwizi asishawishike. Nakala zina namba, na kila namba ina mtu wake katika daftari. Karatasi za kaboni, zile nyeusi za kuwekwa katikati ili kutoa nakala, zikitumika kwa barua ya siri hazitupwi. Ukizielekeza dirishani unasoma kila kitu. Tulizichoma kwenye pipa nyuma ya ofisi, watu wawili tukishuhudia, na tukikoroga majivu kwa kijiti. Wapita njia walidhani tunachoma nyama. Mmoja aliwahi kuuliza bei.

Siku ya kiapo cha kutunza siri niliweka mkono juu ya Msahafu. Mzee Ndahani alisimama pembeni kama shahidi. Nilijua sheria inasema nini kwa atoaye siri: jela, miaka mingi. Lakini nilichokiogopa zaidi ni kile Kitabu kilichokuwa chini ya mkono wangu.

Mzee Ndahani alistaafu, nikabaki na ufunguo. Ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakajaa vitu, redio ikawa inasema ubinafsishaji kila jioni, na ofisini kwetu yakaanza kuingia majalada ya aina ambayo hatukuwahi kuyaona. Zamani siri zetu zilikuwa mambo ya nidhamu, uhamisho, na mara moja ng'ombe wa mtu mkubwa waliokutwa kwenye shamba la serikali. Sasa siri zikawa za kuuza.

Jalada ninalotaka kulizungumza lilikuwa la kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti pale Ihumwa, karibu na reli. Ilikuwa kampuni ya mtu binafsi, lakini serikali ilikuwa na hisa ndani yake, karibu nusu. Zilizobaki zilikuwa za mbia, mfanyabiashara mmoja na ndugu zake. Agizo likaja kwamba serikali ijitoe, iuze sehemu yake. Ikaundwa kamati ya watu watano, mwenyekiti akiwa mkuu wetu wa ofisi, Bwana Magesa, Mjita, mtu wa maneno machache na miwani mizito.

Nyinyi mnaweza kujiuliza kwa nini jambo kama hilo liwe siri, wakati mali ni ya umma. Hata mimi nilijiuliza. Bwana Magesa alinieleza siku alipofungua jalada. Gari bovu ukiliuza mnadani limesimama, halijui kitu. Kampuni inauzwa huku ikifanya kazi. Wakulima wa Kibaigwa na Mpwapwa wanaleta alizeti kwa kuamini kwamba kiwanda kitakuwepo mwezi ujao. Benki nayo imekopesha kwa imani hiyo hiyo. Habari zikitoka katikati, mkulima anageuza lori, mwombaji anayejua atashindwa anaanza kuharibu, na anayejua atashinda anaanza kuringa. "Kwa hiyo mpaka kutangazwa," alisema, "hata mke wako asijue kama kuna jalada." Nikaitikia. Mke wangu hakujua.

Waombaji walikuwa watatu: mbia mwenyewe, kampuni moja ya Dar es Salaam, na wafanyakazi wa kiwanda waliojiunga katika umoja wao na kuandika maombi kwa mkono, kwenye karatasi za mistari, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi sana. Kamati ilikaa siku nne mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nje na chai, naingia tu nikiitwa.

Mpiga chapa wa siri alikuwa Bi. Sechelela, mama mjane wa Ihumwa, mwimbaji wa kwaya, mwenye vidole vyepesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kaka yake, Yakobo, alikuwa fundi mitambo pale pale kiwandani na ndiye aliyeongoza ule umoja. Bi. Sechelela hakulificha hilo. Siku ya kwanza alimwendea Bwana Magesa akamwambia, "Mzee, mimi nina ndugu humo." Lakini mpiga chapa mwingine mwenye kiapo hakuwepo, na Bwana Magesa akasema, "Ninakuamini. Endelea."

Siku ya nne alasiri nilikuwa nimekaa naye chumbani, kwa utaratibu, nikihesabu karatasi za kaboni. Alikuwa anachapa ukurasa wa mwisho. Mashine ikasimama. Nikainua macho. Alikuwa anatazama ule mwandiko wa mwenyekiti, mikono hewani. Kisha akaendelea, kwa kasi ile ile. Nakala zilipotoka nilisoma kilichomsimamisha. Kamati, baada ya kuyasoma maombi yote matatu, ilipendekeza kwamba hisa za serikali wauziwe wafanyakazi wenyewe kupitia umoja wao, kwa kuwa wao ndio wanaokijua kiwanda na ndio watakaobaki nacho.

 Tulichoma kaboni, akakoroga majivu, akachukua mkoba wake akaenda kupanda gari la Ihumwa.

Ikawa Ijumaa. Baada ya sala nilikaa kwenye baraza la muuza kahawa na Athumani, dalali wa mahindi wa Kibaigwa. Tulisoma chuo kimoja utotoni, tukapigwa na maalim mmoja, na utani wetu ulikuwa wa tangu wakati huo. Alikuwa mchangamfu siku ile.

"Maalim, nasikia ofisi yenu yote mnahamishiwa pwani mkale pweza."

"Hapana. Nani kakudanganya?"

"Nasikia mkuu wenu mgonjwa, hafiki hata mwezi."

"Mzima kabisa, alhamdulillahi. Acheni kuzusha juu ya watu."

"Sawa, sawa, usinipige. Lakini hili la kiwanda cha Ihumwa kila mtu analisema. Nasikia serikali inajitoa."

Nikamwambia, "Athumani, ya ofisini hayo."

"Haya. Nasikia wa Dar ndiye kachukua."

"Uongo mtupu."

"Basi mbia kabeba zote. Namfahamu yule, mkono mrefu."

"Hapana, bwana. Mbona unapenda kumsingizia mtu?"

Akanywa kahawa yake taratibu, akafuta mdomo.

"Basi wamebaki wale mafundi wenye overoli za mafuta. Nasikia wao."

Nikamwambia, "Tuzungumze mengine. Mvua vipi huko kwenu?"

Alicheka sana, akanilipia kahawa na kashata, akasema mvua ni nzuri. Nami nilikwenda nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba rafiki yangu amenijaribu na sikutoa siri. Nilihisi hata fahari kidogo. Mungu anisamehe kwa ile fahari.

Haikupita wiki mbili ikaja barua ya mbia, ya malalamiko, nakala yake kwa wakubwa wa Dar es Salaam. Kufungua barua za siri ilikuwa kazi yangu. Niliifungua kwa kisu, nikaanza kuiandika katika daftari, na kalamu ikagoma. Iliandikwa kwamba wamepata habari za kuaminika kuwa kamati imewapendekeza wafanyakazi, nao wanapinga. Haikuwa imetangazwa. Watu wa kamati watano, mpiga chapa, na mimi: hao ndio tuliojua.  Kisha nikainuka nikahakikisha kabati limefungwa. Nikalihakikisha tena. Nadhani nililijaribu mara saba au nane, kama mtu aliyerukwa na akili.

Wakaja wageni wawili kutoka Dar es Salaam, wamevaa suti za Kaunda, hawakutaja majina. Land Rover yao iliegeshwa mbele ya dirisha langu siku tatu. Mpaka leo, nikisikia injini ya namna ile inazimwa nje, nainuka kuchungulia dirishani.

Waliniita siku ya kwanza.

"Ulimwambia mtu yeyote yaliyomo humu?"

"Sikumwambia mtu."

"Una hakika?"

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu, sikumwambia mtu."

Wakaniacha. Nilikuwa nimesema kweli, au niliamini hivyo. Kisha wakamwita Bi. Sechelela. Walikaa naye kutwa nzima, na kesho yake tena. Mtu mwenye kaka kwenye kundi lililoshinda, aliyechapa jina la kundi hilo kwa vidole vyake: wangetafuta nini zaidi? Siku ya tatu alitoka amevimba macho, akaja masjala kukabidhi ufunguo wa chumba cha mashine. Alikuwa amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, na jalada lake lingepelekwa polisi.

"Maalim," aliniambia, "niombee."

"Nitakuombea, dada. Mungu yupo."

Nilimwombea kweli, sala tano kila siku. Mwenye hatia alikuwa akimwombea asiye na hatia, na sijui malaika waliandika nini.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu, Zuhura. Ilikuwa mchana, ameniandalia ugali na mlenda, anakata pilipili kwenye kibao.

"Watu wanasema Bi. Sechelela kaiba mali ya serikali."

"Hapana, hakuiba."

"Wanasema na wewe wamekuhoji."

 Nikanawa mikono.

"Ahaa," akasema. "Wamekuhoji."

"Nimesema wamenihoji?"

"Hujasema. Lakini kama hawakukuhoji ungeshasema hapana. Wewe ukiulizwa uongo unakataa mbio mbio. Ukiulizwa kweli usiyotaka kuisema, unauliza habari za mvua. Miaka yote hii tuko pamoja, mume wangu, nikijua kitu kwako huwa sikuulizi. Nakuhesabia tu."

Tonge lilibaki mkononi. Nililiona baraza la muuza kahawa kama liko mbele yangu. Wa Dar: uongo mtupu. Mbia: hapana, bwana. Wafanyakazi: mvua vipi huko kwenu. Kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kusema neno moja la jalada, nilikuwa nimemsomea Athumani ukurasa wa mwisho. Na Athumani ni dalali. Kazi yake ni kupeleka habari kwa anayelipa.

"Huli?" Zuhura aliuliza.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nawaandikia hizi siku nne kwa sababu ninyi mtakuja kupata zenu. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba si mimi, pengine ni mjumbe wa kamati. Siku ya pili nilijiambia kwamba ni mimi lakini hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kuuliza habari za mvua. Siku ya tatu niliwatazama wanangu wanne wakila, nikahesabu miaka ya jela na umri wao. Nilikuwa naogopa mpaka nikisujudu paji la uso linatoa jasho kwenye mkeka. Siku ya nne nikasikia kwamba polisi watamfuata Bi. Sechelela Jumatatu. Kuna hofu mbili nilizokuwa nazo, ya watu na ya Mungu, na asubuhi hiyo hofu ya pili ikawa kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Kidogo tu. Msinidhanie shujaa.

Nikaingia kwa Bwana Magesa, nikafunga mlango.

"Mzee, siri ile ilitoka kwangu."

Akaweka kalamu chini. "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilinyamaza."

Nikamweleza yote, baraza, kahawa, maswali moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Maalim, unataka niandike nini kwa wale watu? Kwamba karani wangu ametoa siri ya serikali kwa kutoisema? Watadhani tumepanga kumwokoa yule mama. Watanicheka, halafu watatufunga wote watatu."

"Ni kweli tupu, Mzee."

"Haiwezekani. Hakuna mtu anayesomeka hivyo." Akaegemea kiti, akanitazama kwa ile miwani. "Haya. Tujaribu. Watu wanasema nahamishwa. Wanasema napelekwa Mtwara."

"Hapana, Mzee, si kweli."

"Lindi."

"Hapana."

"Singida."

Nikatazama dirisha. Barua ya uhamisho wake ilikuwa imefika asubuhi ile kwa mkubwa wake, kwa bahasha mbili, nami ndiye niliyeifungua na kuiandikisha. Yeye alikuwa hajaambiwa. 

Bwana Magesa akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Singida," akasema polepole. "Hata mke wangu sijamwambia kwamba niliomba nisipelekwe huko." Kisha akanisogezea karatasi. "Andika maelezo yako. Andika kila swali na kila jibu, kama ulivyoniambia. Na hili la Singida liandike pia."

Nikaandika kurasa sita, na mistari ya kwanza niliirudia. Bwana Magesa akazipeleka mwenyewe. Baada ya hapo ikawa kusubiri. Zuhura alinifungia nguo mbili na mswaki kwenye mfuko, akauweka nyuma ya mlango bila kusema ni wa nini, kwa kuwa sote tulijua. Wiki ya tano nikaitwa. Sikufungwa. Walionana na Athumani, naye akawaambia kama nilivyoandika, na kwa mtu wa biashara yake kusema kweli mbele ya wakubwa lilikuwa jambo kubwa. Namshukuru kwa hilo. Niliondolewa masjala ya siri, nikapelekwa masjala ya wazi, kwenye majalada ya likizo na mabati ya shule, na huko ndiko mlikonikuta. Bi. Sechelela alirudishwa kwenye mashine yake.

Lakini kazi ya kamati ilifutwa yote, kwa kuwa siri yake imevuja. Maombi yakaitishwa upya, kamati mpya, utaratibu mpya. Safari ya pili mbia akachukua hisa zote za serikali. Wafanyakazi hawakupata hata moja, na kabla ya mwaka kwisha nusu yao walikuwa nje ya geti, Yakobo miongoni mwao.

Nilikutana na Athumani siku moja sokoni Kibaigwa, amesimama juu ya magunia. Akashuka kunisalimu.

"Maalim, hukuniambia kitu. Nilisema na nitasema. Wewe hukuniambia kitu."

"Hilo ndilo linaloniogopesha," nikamjibu.

Kwa hiyo somo langu la kazi, vijana, ni hili, na halimo kwenye kanuni. Mtu akikuuliza mambo ya ofisi, uwe na jibu moja. Usikanushe uongo leo, maana kesho utashindwa kukanusha kweli, na hapo umeshasema. Akikuuliza kama ofisi iliungua jana, na wewe umetoka huko sasa hivi na ni nzima, mwambie: mambo ya ofisini siyasemi, yawe ya kweli au ya uongo. Watakuona una kiburi. Zuhura alininunia mwezi mzima. Maalim wangu wa utotoni alinifundisha kukanusha uongo, na sijaacha kumheshimu. Ila yeye hakuwa na kabati lenye kufuli mbili.

Nilikwenda Ihumwa kumwomba Bi. Sechelela msamaha. Nilimkuta nje ya nyumba yake anapepeta mtama. Akanipa kigoda. Nilipoanza kusema, akanizuia kwa mkono.

"Mimi nilishakusamehe, Maalim. Nilisamehe kabla sijajua ni nani, ili nisije nikachagua." Akaendelea kupepeta. "Lakini nikuambie kitu. Siku ile nilipochapa ule ukurasa, nilikuja hapa nikala na kaka yangu chungu kimoja. Akaniuliza, dada, mbona unatabasamu? Nikamwambia chumvi imekolea. Basi. Hakujua, na mpaka leo hajui. Unataka kumwambia wewe?"

 Yaliyopendekezwa na kamati iliyofutwa hayakuwahi kutangazwa, kwa hiyo yalibaki kuwa siri. Kiapo changu hakikufutwa pamoja na kamati. Na kabla sijaondoka, Yakobo mwenyewe akatokea, na spana mfukoni, mtu asiye na kazi lakini hajaacha kubeba spana.

"Mbukwa, Maalim!" akanisalimu kwa Kigogo. "Karibu kwetu. Dada, mgeni hajapewa hata uji?"

Akaketi mbele yangu, akanikaribisha kwa mikono miwili. Tulizungumza habari za shamba. Halafu akaniuliza, bila hasira yoyote:

"Wewe ulikuwa huko ndani. Zile karatasi zetu, tuliziandika siku tisa. Hivi walizisoma hata kidogo?"

Bi. Sechelela aliacha kupepeta. Nilimtazama Yakobo usoni, sikutazama pembeni, sikuuliza habari za mvua.

"Mambo ya ofisini siyasemi, ndugu yangu. Yawe ya kweli au ya uongo."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Basi hawakuzisoma," akasema. "Nilijua." Akanijazia kikombe cha uji, na nikanywa wote, kwa kuwa kumwachia mwenyeji uji ni kumvunjia heshima. Jibu langu lilikuwa limefanya kazi yake vizuri kabisa.

Nimelibeba hilo mpaka kustaafu kwangu. Kiwanda kimeuzwa tena mara mbili tangu hapo, na sasa ni ghala la saruji. Bwana Magesa na wenzake wanne wote wametangulia mbele ya haki. Bi. Sechelela amehamia Kibakwe kwa binti yake. Nilipoanza kuandika kurasa hizi nilimwandikia mkuu wa sasa nikiomba ruhusa rasmi ya kuyataja ya jalada lile, nikasubiri jibu bila kugusa kalamu. Ruhusa ilikuja, ina mhuri, nimeibandika nyuma ya ukurasa wa kwanza ili msije mkanishitaki.

Hapa nilidhani nimemaliza. Lakini sikuweza kuwapa ninyi kabla ya kumpelekea Yakobo, kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda Ihumwa. Njiani nilikuwa na hofu ile ile ya Land Rover. Ni mzee sasa, jicho moja limefunikwa, jingine linaona mwanga tu. Nikamwambia nina karatasi zinazomhusu, na kwamba akisha kuzisikia ana haki ya kunifukuza. Akasema, "Soma."

Nikasoma tangu mwanzo. Alicheka kwa Mzee Ndahani, ambaye alimfahamu. Nilipofika kwenye kile chumba cha mashine nikaendelea kusoma bila kuinua macho, nikapita barazani kwa muuza kahawa, nikapita kwa wageni, kwa Zuhura, kwa Singida, nikisubiri anisimamishe na kuniambia niondoke nyumbani kwake. Aliinua mkono wakati nimefika kwenye zile kurasa sita.

"Rudi nyuma," akasema.

"Wapi? Pale kwa Athumani?"

"Achana na Athumani. Pale kamati ilipomaliza kusoma maombi."

Nikatafuta ukurasa. Akanisubiri. Nikaisoma ile sentensi, kwamba kamati, baada ya kuyasoma maombi yote matatu, ilipendekeza hisa za serikali wauziwe wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaokijua kiwanda.

Aliuelekeza uso kwenye mwanga wa mlango.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.